Kuanua Tanga la Servaas

Bibi Hendrina alikuwa amechoka na ujane, na ungemwona ungechoka naye. Miaka mitatu yuko ndani ya kaniki, nywele hazijaoshwa, kisa waimbaji hakuna. Kwa Wakarinya, kabila lake, mjane haoshwi mpaka wanawake wamwimbie marehemu aende zake, na mjane mwenyewe haruhusiwi kufungua mdomo. Akiimba yeye, marehemu ataondoka sawa, lakini tanga la mjane linaanza upya. Sasa pale kijijini nyimbo hizo alibaki kuzijua nani? Hendrina huyo huyo. Wifi yake aliyekuwa akimwitikia alishakufa, na vijana ni Kiholanzi shuleni, Kisranan mitaani, basi.

Ndipo akamfundisha Silvana, binti wa kaka yake, huku wakikuna muhogo. Binti hakuelewa hata neno moja la lugha hiyo ya wazee, ila kichwa anacho.

"Shangazi, nikikosea je?"

"Ukikosea mtanizika na hii kaniki. Na inavyonuka, mtapata tabu nyie wabebaji."

Siku ikafika. Pombe ya muhogo ikajaa mitungi, maji ya kumwoshea mjane yakawekwa kwenye karai, ngoma zikaanza. Silvana akatikisa kayamba akaimba vizuri, vizuri kabisa, hata mabega ya Hendrina yakalegea. Walipofika pale marehemu anapovushwa mto, binti akakwama. Akarudia. Akakwama tena. Ngoma zikanyamaza, na watu wote wakamtazama mjane.

Jirani yake akamwinamia. "Nyamaza tu, dada. Tukuoshe yaishe. Nani atajua?"

Ni kweli, nani angejua? Na hilo ndilo lililompandisha hasira. Yaani mumewe Servaas aachwe katikati ya maji kwa sababu hakuna anayejua! Akafumba macho, akaimba. Kila penye kiitikio alinyamaza kidogo, kwa mazoea, akimngoja wifi yake. Kisha akajiitikia mwenyewe, akaendelea hivyo mpaka mwisho.

Hakuna aliyeligusa karai.

Silvana alikuwa analia. "Nisamehe, shangazi. Sasa mjomba ameenda?"

"Ameenda." Hendrina akainuka kwa kushika magoti, uchovu umemfika hadi kwenye sauti. "Aliyebaki ni mimi. Kesho uje mapema, tuanze mwanzo."