Nukta za Huruma

Dada yangu ndiye msomaji wa taarifa ya habari katika redio yetu, na mimi mdogo wake ndiye ninayemwandikia. Watu husema tumepeana kazi kindugu. Waongo. Mimi naandika vizuri, na yeye hana mpinzani.

Alirudi juzi baada ya kuugua mapafu. Mkuu wetu alimwambia wazi kwamba leo atamsikiliza mwenyewe: akitweta hewani, kiti kinakwenda kwa mwingine. Nikaogopa kuliko yeye. Taarifa ya asubuhi nikaikata vipande vipande. Kila palipokuwa na koma nikatia nukta, apate pa kupumua. Sikumwambia.

Nilisahau anavyosoma. Kwenye koma anatua kidogo tu, sauti ikiwa bado juu, msikilizaji ajue kuna jambo linakuja. Kwenye nukta anashusha sauti, ananyamaza, kisha anaanza upya. Basi akaziheshimu nukta zangu zote, moja moja. Habari ya mafuriko ikasikika kama mtu anayemtajia mtoto vitu vya kununua dukani, na kabla hajafika kwenye hali ya hewa muda ukaisha, tangazo la sabuni likamkatiza.

Alitoka studio bila kunitazama. Nikamweleza kwamba nilitaka kumsaidia tu. Akanijibu kwamba wahenga walisema tenda wema uende zako, na kwamba afadhali mimi ningekwenda zangu mapema zaidi, kabla ya huo wema.

"Rudisha koma zangu," akasema. "Nikikosa pumzi, nikose mwenyewe."

Nikazirudisha. Mchana akasoma, na sauti ilikuwa ile ile ya zamani. Nyuma ya kioo nilijikuta navuta pumzi pamoja naye kwenye kila koma. Kwenye habari ya mwisho, katikati ya sentensi, mahali pasipo na alama yoyote, akanyamaza. Mkuu, aliyeketi kando yangu akisikiliza, akainua kichwa. Dada akavuta pumzi tuliyoisikia sote, mimi na nchi nzima, akaendelea mpaka mwisho.

Akavua hedifoni, akaja nilipokuwa. Mkuu alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi machozi yalikuwa yananitoka, mtu mzima, mbele ya wafanyakazi wenzangu.

"Kiti ampe mwingine," dada akasema. "Lakini hii nimeisoma mimi."