Bomba Alilolaza Baba

Tangu alipoanza kusema, baba yake alimwita Bi Maswali, na jina likamganda hadi chuo kikuu, alikokuwa akitafiti nyasi za baharini. Nyasi za ghuba yao zilizokuwa nene kama zulia zilikuwa zimekonda, na samaki wachanga hawakuwa na pa kujificha. Bi Maswali akaandika dhana ya utafiti wake: "Binadamu anaharibu nyasi za baharini." Msimamizi wake akairudisha karatasi na swali moja kwa wino mwekundu: Utajuaje kama umekosea?

Baba, fundi bomba mstaafu, akavaa miwani akaisoma pale mezani jikoni.

"Mwanangu, hii ni kama mteja anayenipigia simu kuniambia nyumba imejaa maji. Chumba gani? Mimi nafunga koki moja moja mpaka nimkamate mwizi."

Bi Maswali akacheka, akaandika upya: Nanga za boti zinang'oa nyasi. Kama ni kweli, boti zinapotia nanga patakuwa na vipara vingi kuliko pale boti zilipokatazwa.

"Hiyo inapimika," baba akasema. Akaigeuza karatasi nyuma na mbele. "Na bomba je?"

Binti akainamisha kichwa. Bomba lililomwaga maji machafu ya mtaa baharini alililaza baba mwenyewe, miaka ishirini nyuma, na mpaka leo aliwaonyesha wageni kwa fahari.

"Nimeliacha tu, Baba."

"Unanionea huruma? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Andika!"

Akaandika, machozi yakimlengalenga: Kama maji ya bomba ndiyo yanayoua nyasi, basi kadiri unavyoukaribia mdomo wake, mashina yatapungua. Yakiwa sawa karibu na mbali, bomba halina hatia.

Kwa miezi mitano, kila maji yalipokupwa, waliingia ghubani wawili. Baba aliunga fremu ya mraba kwa vipande vya bomba. Binti akawa anailaza chini na kuhesabu mashina yaliyomo, baba anaandika. Siku moja, karibu na mdomo wa bomba, binti akahesabu saba, akatamka, "Kama kumi hivi."

"Kama kumi ndiyo ngapi? Usinipendelee, mama."

"Saba, Baba."

"Saba." Akaandika.

Majibu yakaja. Vipara vilikuwa karibu sawa, penye nanga na pasipo nanga. Lakini kwenye mdomo wa bomba mashina yalikuwa kwa wastani manane kwa kila fremu, yamefunikwa utelezi. Hatua mia mbili mbele, sitini. Baba akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ulilaza ulivyoambiwa. Hukujua."

"Sikujua. Sasa najua." Akavuta karatasi, akachora shimo la kuchujia maji kabla hayajafika baharini. "Haya, Bi Maswali, andika: tukichuja, mashina yataongezeka ndani ya miaka miwili. Yasipoongezeka, tumekosea. Na tupime kule mbali na bomba vilevile, tusije tukalisifu shimo kwa kazi iliyofanywa na mvua."

Binti akamkumbatia shingoni hata penseli ikamdondoka.

"Niachie, mtoto wewe! Mchoro utakunjika."

Asubuhi iliyofuata walikuwa wa kwanza mlangoni kwa mhandisi wa mji, baba amevaa shati lililopigwa pasi, mchoro kwapani, na binti amemshika mkono.