Pikipiki ya Odeke Haitoki Shambani

Jumanne saa nne asubuhi, fundi Osborn alifungua plagi ya pikipiki ya marehemu Odeke, akaifuta kwa pindo la shati, akaiegemeza kwenye chuma cha injini na kukanyaga kiki. Cheche ikaruka, ya buluu na nene. Pikipiki ilikuwa ya mwaka 1974, na nyingi za rika lake cheche kama hiyo zilishaisahau.

"Sasa mbona umeniita, mama?" akauliza. Alikuwa ametoka Busia, upande wa Kenya, mpaka huku Molo, Uganda, na kiuno kilikuwa kinamuuma.

"Ngoja utoke nayo kwa barabara," akasema Kevina, mjane wa Odeke. "Hapa kwa nyumba iko nawaka muzuri. Kule nakufa."

Osborn akarudisha plagi, akaiwasha pikipiki na kuitoa. Hatua tatu kupita lango, injini ikanyamaza. Akairudisha hatua tatu, ikawaka kwa kiki moja.

Fundi mvivu angelaumu petroli. Osborn alisafisha platini inayokata na kuunga umeme kwa msasa, akapima mwanya wake kwa ukingo wa wembe, akabadilisha kondensa, akatikisa waya mmoja mmoja akitafuta uliokatikia ndani. Akaisukuma tena nje ya lango. Cheche hakuna. Ndani, ipo. Katika miaka yake ya kazi alishakutana na koili inayokataa joto na kondensa inayokataa mvua. Hii ilikuwa inakataa kutoka.

"Mzee alikuwa mtu wa safari?"

"Odeke? Hata soko alikuwa anatuma mimi."

"Basi imemrithi."

Mwingine angeishia hapo akadai chai. Osborn hakuwa hivyo. Hitilafu ya umeme haiachi mpaka ajue inaanzia wapi na kuishia wapi. Akaanza kuizungusha pikipiki shambani, anakanyaga kiki kila baada ya hatua chache, na pale cheche inapokatika anachomeka kijiti. Upande wa barabara, vijiti vilifuata ua. Upande wa bondeni, vilifuata mtaro. Upande wa Otai, mdogo wa marehemu Odeke, pikipiki iliuvuka mpaka, ikaingia kwenye mihogo ya Otai na kuendelea kutoa cheche hatua arobaini nzima, ndipo ikazima. Huko Osborn alichomeka vijiti kumi na saba, na vyote vilikaa kwenye mstari mmoja ulionyooka.

Kevina akachukua jembe, akachimba kwenye kijiti cha kwanza. Chini kulikuwa na kisiki cha mti wa mpaka, kimekatwa kwa panga. Kwenye kijiti cha pili, kisiki kingine. Akaketi kwenye udongo na kulia kwa hasira, maana kwa miaka miwili alikuwa akijiona mwehu. Wiki ile ya matanga, yeye akiwa mkekani anamlilia mumewe, shamba lake lilipungua. Alijua kwa sababu palizi ya asubuhi tatu sasa ilikuwa ya asubuhi mbili. Alipouliza, Otai alimwambia kwamba huzuni hupunguza vitu.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Edeku, aliitwa siku hiyohiyo. Akakanyaga kiki mwenyewe, upande huu na ule wa vijiti, akaridhika.

"Hii pikipiki nasema kweli," akatangaza. "Na Odeke alikuwa hasemi uongo. Lakini Otai iko na karatasi."

Otai akaileta, imekunjwa vizuri ndani ya Biblia. Ilionyesha mpaka mpya, na chini palikuwa na muhuri wa mwenyekiti. Edeku aliutazama muhuri wake, akautambua, akasema muhuri ni muhuri. Otai hakubisha kuhusu visiki. Aliomba tu watu wasikanyage mihogo wakati wa kutoka.

Kevina hakukubali. Alipeleka malalamiko kwenye ofisi moja ya mashamba mjini Tororo, akajibiwa kwamba ushahidi uletwe ofisini ukaguliwe.

"Nakwenda," akasema, "hata kama nabeba hiyo pikipiki kwa kichwa."

Ijumaa wakaipakia kwenye pikapu. Osborn alikaa nyuma, ameushika usukani wake njia nzima kama anayempeleka mgonjwa hospitali.

Karani, dada mmoja mpole aliyeitwa Shallon, alitoka nje na fomu. Alimpa Kevina kiti na maji ya kunywa. Osborn akatoa plagi, akaiegemeza kwenye injini, akakanyaga kiki mara tatu, kama fomu ilivyotaka. Hakuna kitu.

"Haiwaki," akasema Shallon.

"Na si ndiyo ushahidi, dada?" akasema Osborn. "Ikitoka kwa shamba ya huyu mama haiwakangi. Ingewaka hapa Tororo, hapo ungesema anadanganya."

"Ingewaka ningewafukuza," Shallon akakubali. Akawageuzia fomu waione. "Lakini hapa wanauliza tu: kielelezo kinafanya kazi, ama hakifanyi?"

Akaandika kwamba hakifanyi, kwa mwandiko mzuri, akagonga muhuri. Kisha akampa Kevina pole, na ilikuwa pole ya kweli.

Waliporudi Molo, Kevina alikataa pikipiki isishushwe uani. Aliwafanya waisukume hadi katikati ya mihogo ya Otai, ndani ya zile hatua arobaini, akaipanda mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani na kukanyaga kiki. Injini ikawaka palepale, ikanguruma laini bila kukohoa hata mara moja.

Otai alikuwa karibu, anapalilia. Akasogeza jembe lake, akampisha.

"Nawaka muzuri sana, shemeji," akasema, naye hakuwa anamdhihaki.

Kevina akapita. Otai akafukia alama za tairi, akaendelea na palizi.