Ngoma ya Kutoka, Filimbi ya Kusimama

Mzee Oyat alinichukia tangu siku ya kwanza, na mimi sikumnyima haki yake, nilimchukia pia. Yeye ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kambi ya polisi, kule chini ya mtaa wa Bugolobi ambako nyumba zinaishia na maghala ya viwanda yanaanza. Kabla ya ualimu alikuwa askari, na mpaka leo anatembea kama mtu anayekaguliwa. Mimi ni Zubaida, Mnubi, bibi wa wajukuu wengi, na kazi yangu ni kuzunguka shule mbalimbali nikiwasaidia walimu kujiandaa kwa majanga: moto, mafuriko, fujo za mtaani. Walimu wengine hunikaribisha chai. Oyat aliniuliza nitaondoka lini.

Kilichonitisha pale ni ghorofa. Madarasa ya chini huingia maji kila mvua kubwa inaponyesha, kwa hiyo watoto wadogo wamewekwa juu, na ngazi ya kushukia ni moja tu, tena nyembamba. Ng'ambo ya ukuta kuna ghala la magodoro. Niliyaona yalivyorundikwa hadi darini. Nilimwambia Oyat kwamba ghala lile likishika moto, watoto wote wa juu lazima wawe wameshuka kabla moshi haujafika kwenye ngazi. Ukifika kabla yao, hawatoki.

"Hiyo hapana shida, Hajati," akasema. "Mimi iko na filimbi. Nikipiga, watoto yote inasikia."

Basi tukapanga zoezi, akapuliza filimbi yake. Shule nzima ikasimama. Sisemi walisimama kusikiliza, nasema walikauka: mikono ubavuni, videvu juu, hakuna aliyepepesa jicho. Nilikuwa nimesahau kwamba niko kambini. Asubuhi bendera inapopanda na jioni inaposhuka, askari wa lango hupuliza filimbi na kila mtu husimama pale ilipomkuta, mwenye ndoo kichwani, mwenye bodaboda, hata wanawake waliokuwa wakitukanana bombani. Mtoto wa pale hulijua hilo kabla hajajua kujifuta kamasi. Katikati ya ngazi alikauka Atoo, mjukuu wa Oyat mwenyewe, na nyuma yake darasa zima limeziba njia.

"Umeona nidhamu?" Oyat akaniuliza, macho yakimng'aa.

Nusura nimzabe kofi. "Afande, moto haipigiwi saluti! Huyu mjukuu yako amesimama mahali ataungulia."

Alijaribu kuwafundisha kwamba hii fupi ni ya bendera na ile ndefu ni ya moto. Kazi bure. Miguu iliamua kabla ya kichwa, na Oyat mwenyewe kila akipuliza alijinyoosha kama mlingoti. Tukajaribu kengele. Kengele pale ni ya uji, kwa hiyo walipanga foleni na vikombe mkononi. Nilirudi nyumbani nimenuna, kwa sababu kila nikifumba macho nilimwona yule mtoto kwenye ngazi.

Jumamosi kukawa na harusi ya Kinubi humo humo kambini. Wanawake walipoanza kupiga ngoma ya doluka, watoto walimiminika kutoka kila mlango, Wanubi, Waacholi, Waganda, wote. Mmoja alikuwa anaogeshwa, akaja na povu kichwani huku mama yake akimfukuza na taulo. Nikacheka peke yangu mpaka jirani yangu akaniuliza kama mimi ni mzima. Jumatatu nilifika shuleni na ngoma ya marehemu mama yangu kwapani.

"Ngoma ya harusi kwa shule ya polisi?" Oyat akang'aka. "Wakubwa itanicheka!"

"Wacha ikucheke. Atoo akibaki kwa ile ngazi, hapo nani atacheka?"

Aliigeukia ngazi, akaitazama. Kisha akasema, "Kale, sawa. Piga hiyo kitu yako."

Nilipiga. Banange, jamani, walishuka! Walishuka wakitikisa mabega, hakuna aliyesukumana, maana kwenye doluka kila mtu hufuata mgongo wa mwenzake. Kifua kilinijaa kwa fahari. Lakini walipofika uani ikawa harusi kweli, wengine wanazunguka, wengine wanakimbia nje ya lango, na walimu hawakuweza kujua nani ametoka na nani amebaki chooni.

"Sasa hesabu, Hajati," Oyat akasema, mikono kifuani.

Nilianza kuhesabu, nikapotea kabla ya kufika ishirini. Akanitazama hivyo kidogo, akaingiza mkono mfukoni, akapuliza filimbi. Uwanja mzima ukakauka, na walimu wakawahesabu kwa kuwagusa vichwa. Tulitazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, na ndipo nikagundua kwamba ana mwanya. Tangu siku hiyo ngoma ilikuwa ya kutoka na filimbi ya kusimama, na tulifanya mazoezi mpaka watoto wakaanza kutuzomea.

Moto ulikuja kiangazi, saa za alasiri. Cheche za fundi aliyekuwa akichomelea vyuma ghalani ziliruka hadi kwenye magodoro. Nilikuwa ofisini kwa Oyat, safari hii tukinywa chai, mara ukuta wa ng'ambo ukafunikwa na moshi mweusi. Niliinyakua ngoma. Pigo la kwanza likapotea, na la pili. Niliogopa sana, nisiseme uongo. Kisha mikono ikakumbuka.

Wa kwanza kwenye ngazi alikuwa Atoo. Hakusimama hata kidogo. Alishuka mabega yakicheza, na darasa lote likamfuata mgongoni, na lingine, na lingine. Nilitembea mbele yao nikipiga kama anayesindikiza bibi harusi, nikawatoa nje ya lango hadi uwanja wa mpira, upande ambao upepo haukupeleka moshi. Nilipogeuka nilimwona mwalimu Olivia akishuka wa mwisho, kitambaa puani, na moshi ukaimeza ngazi nyuma yake.

Oyat akapuliza. Wakasimama, hata waliokuwa wakikohoa. Walimu wakagusa vichwa, mmoja mmoja akainua mkono kwamba darasa lake limetimia. Olivia hakuinua. Alirudia kuhesabu kichwa kwa kichwa.

"Bonny hayuko," akasema.

Oyat alitazama ule moshi, akaanza kuvua koti. Mimi nilipitisha macho kwenye mistari, na kule katikati ya wakubwa wa darasa la saba nikaona kichwa kidogo kilichowafika kifuani tu. Filimbi ilimkuta Bonny huko, na huko ndiko alikokauka, mikono ubavuni.

"Huyu hapa!" nikapiga kelele. Olivia akainua mikono yote miwili.

Wazima moto walipomaliza, ngazi ilikuwa nyeusi kutoka juu hadi chini. Oyat alikaa akiitazama, Atoo amemshika kidole. Wakubwa wa polisi walikuwa wamefika mbio na kofia zao, na kina mama wa kambi, kila mmoja amemkumbatia wake.

"Hajati, piga," akasema.

"Nipige nini tena? Moto imekwisha."

"Nasema piga!"

Nikapiga. Oyat akaingia katikati ya uwanja, mbele ya wakubwa wale wale, akacheza doluka. Alicheza vibaya, kama mtu anayeua siafu, na kina mama wakampigia vigelegele mpaka sauti zikakauka. Ndipo filimbi ya lango ikalia, bendera inashushwa. Sote tukasimama, mimi mkono juu ya ngoma, Oyat mguu mmoja hewani na machozi yakimtiririka. Aliyumba lakini hakuushusha, na Atoo, bila kutikisa kichwa, akanyoosha mkono kumshikilia babu yake asianguke.