Mti Mmoja wa Nyumba ya Hinda

Hinda hakuwa mtu wa kupenda upesi, lakini huyu Tomoe alimpenda siku ya kwanza. Mjukuu wake Kaaha ndiye aliyemleta nyumbani katika hadithi kutoka shuleni Garissa, kama alivyosimuliwa na Mwalimu Nkirote, msichana wa Meru: mwanamke wa Japani ya kale, aliyevuta pinde ngumu na kupanda farasi ambao wanaume waliwaogopa.

"Na ngamia?" Hinda akauliza.

"Hakuwa na ngamia, ayeeyo," Kaaha akamjibu bibi yake.

"Masikini! Haya, endelea."

Vita vilipomwelemea, bwana wake Tomoe alimwambia aondoke, eti ni aibu mtu kufa na mwanamke ubavuni. Hinda akafyonza. "Aibu! Na kushindwa, je, si aibu?" Basi Tomoe akataka pigano moja la mwisho. Akamtafuta shujaa mwenye nguvu, akamng'oa juu ya farasi, akammaliza. Kisha akavua deraya yake ya vita, akaenda zake. Wengine husema aliishi hadi akapita miaka tisini. Lo, bibi alivyofurahi! Tangu siku ile kila jioni alidai asimuliwe upya.

Huo ulikuwa mwaka wa 1966, vita vya serikali na waasi vimepamba moto, na amri ikatoka: wafugaji wote wahamie vijiji vyenye ulinzi ndani ya siku tatu, atakayebaki porini atahesabiwa adui. Kijiji walichopangiwa kilikuwa mwendo wa siku mbili, na shule hakina.

"Kaaha ataacha shule," akasema Mahat, baba yake Kaaha na mwana wa Hinda, bila kuinua macho. "Nani mwingine atafunga nyumba?"

Hapo hapakuwa na la kubishana. Kwa Wasomali wafugaji nyumba ni ya mwanamke: yeye huijenga kwa miti iliyopindwa na mikeka, yeye huibomoa na kuifunga juu ya ngamia. Mwanamume akijitia kuifunga, mzigo utaanguka na atachekwa hadi Wajir. Mama yake Kaaha alishafariki, majirani kila mmoja alikuwa na nyumba yake ya kufunga, na mgongo wa Hinda uligoma tangu masika. Kaaha, miaka kumi na miwili, alijua kazi.

Mwalimu Nkirote alikuja mbio, chaki bado mkononi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema, lakini mgeni huyu, wapi!

"Baba Kaaha, niachie mtoto, atakaa kwangu. Ndiye wa kwanza darasani!"

"Nakuheshimu, mwalimu. Lakini nyumba haijibebi."

Nkirote akalia pale pale mbele za watu. Kaaha akamrudishia daftari zake moja moja. Hinda alitazama, na moyo ukamuuma kuliko mgongo.

Alfajiri ya kuhama, Mahat alitoka akakuta nyumba ya mama yake haipo. Mikeka imekunjwa, miti imefungwa mbavu zote mbili za ngamia, sawasawa, na vyombo vya maziwa juu. Kando, Hinda amekaa mchangani, amelowa jasho, hawezi kusimama.

"Hooyo! Mama, unataka kufa?"

"Pigano moja la mwisho," akasema, akihema. "Huko nitaijenga polepole, wanawake wapo. Mtoto abaki na mwalimu wake. Sasa ninyanyue, mgongo umekwisha."

Mahat alimtazama mama yake, akautazama mzigo. Akamwinua, akampandisha juu ya mzigo wake mwenyewe, kama wapandishwavyo wagonjwa.

"Yule wa Japani masikini," Hinda akanung'unika kule juu, "aliondoka bila ngamia."

Ndipo Mahat akaona mti mmoja umesahaulika chini. Akainama auokote.

"Uache! Huo sikuusahau. Mpe Kaaha."

Mahat akampa binti yake. Kaaha akaukumbatia ule mti, mrefu kumpita, machozi yakimtiririka.

"Nyumba yangu itasimama imeinama upande mpaka uulete," bibi akamwambia. "Basi soma upesi, mjukuu wangu. Mvua ikinyesha, nitalowa."