Mikono Iliyovuja

Jumamosi asubuhi Siti alikuwa barazani kwake, Kariakoo, anachambua mchele, maji yalipoanza kumtoka mkononi, pale pale alipochanjwa. Yalikuwa maji safi, hayana harufu. Akausogeza ungo mchele usilowe, akachukua sufuria akakinga.

Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unavuja. Bomba la mtaani lina foleni kila siku, kwa hiyo watu walishukuru. Kusum, mke wa muuza vitambaa wa jirani, alikinga birika lake, akachemsha chai, akamletea Siti kikombe.

"Matamu, Mama Mgeni. Hayana chumvi kama ya kisima."

Chanjo yenyewe ilitolewa Mnazi Mmoja mwezi uliopita, iliposikika kwamba ndui imeingia bandarini na meli. Wanawake wa mtaa waligoma. Chale za serikali, nani anazijua? Wakasema watakwenda wakimwona mke wa mchanjaji amechanjwa kwanza. Mchanjaji alikuwa Zahoro, mumewe Siti. Basi Siti akatangulia na bintiye Mgeni, akainua mkono watu wauone, nao wakamfuata wakicheka kama wanakwenda harusini. Tangu hapo hakuogopa kitu. Mpangaji wao Fikirini, mkaanga samaki wa Feri, alipotokwa na vipele vya ndui, Siti ndiye aliyemnywesha uji, na Mgeni akishika bakuli.

Zahoro aliporudi kazini alikuta vyombo vyote vimejaa. Akavua koti, akakaa kula. Mkononi alikuwa na kovu pana, kavu kabisa.

"Wako hauvuji, Baba Mgeni."

"Mimi nilichanjwa ofisini."

"Na sisi?"

Zahoro akatafuna kwanza. "Lile lilikuwa zoezi. Wakubwa walitaka kujua, ugonjwa ukija, watu watajipanga upesi kiasi gani. Dawa ya kweli ni kidogo, iko kwenye barafu, ya Uzunguni. Lakini wamefurahi sana. Wanasema hakuna mtaa uliojipanga kama wetu."

"Ukanitanguliza mimi."

"Niliambiwa nisiseme."

Siti aliumia kuliko alivyoumia siku ya kumzaa Mgeni. Mumewe alimdanganya, kisha akamtumia kuwadanganya majirani zake. Chumbani Mgeni alikuwa amelala, paji la uso linachoma, na maji ya mkononi mwake yalikuwa ya moto.

"Kamletee mwanao hiyo dawa."

"Nitafukuzwa kazi, Mama Mgeni."

Siti akamsogelea. Akamwondolea sahani, akamkabidhi kitambaa na bakuli.

"Haya. Mwenye chanjo humu ndani ni wewe. Ingia umuuguze."

Zahoro akaingia.

Jumatatu sanduku la barafu lilipita na gari kuelekea Uzunguni, na mpiga mbiu akatangaza chanjo nyingine Mnazi Mmoja. Siti alikuwa amekwisha kuzunguka nyumba kwa nyumba, akawaambia wanawake ukweli wote. Walimpa pole kwa ugonjwa wa mtoto, wakajifunga khanga, wakaenda kupanga foleni Mnazi Mmoja. Foleni nyingine haikuwepo.