Wagonjwa wa Nje

Msafishaji wa maabara alikwangua kinyesi kwa kijiko cha bati, kizimba baada ya kizimba. Mkojo wa panya huchoma pua, na barakoa aliyopewa ilikuwa ya wiki iliyopita. Profesa alichungulia mlangoni bila kuingia.

"Wagonjwa wameamkaje?"

"Hawajambo, Profesa. Wananizidi kula."

Utani huo wa kuwaita panya wagonjwa ulikuwa wa Profesa. Maabara nzima iliuiga. Wiki sita nyuma panya hao walilala ubavu, maini yameharibiwa kwa sumu waliyodungwa. Sasa waligombea punje.

Dawa ilitoka kwenye mzizi ambao mama yake msafishaji aliwachimbia watafiti kwa mkono wake, nyuma ya nyumba. Mzizi ukichemshwa tu, nguvu yake karibu yote hupita tumboni na kutoka. Kwa hiyo walichuja kiini chake, wakakifunga ndani ya vitone vya mafuta, vidogo hata hadubini ya kawaida haivioni. Vitone vikafika kwenye ini. Panya wakapona.

Mama yake alikuwa kitandani, macho ya manjano, tumbo limejaa maji, akinywa mzizi uleule uliochemshwa.

"Profesa, nina ombi." Alificha nyuma glavu yenye kinyesi. "Jaribio linaisha leo. Ile dawa iliyobaki kwenye friji, nimpelekee mama."

"Mama yupi?"

"Aliyewaonyesha mzizi."

"Aa, Chanzo!" Ndivyo alivyoandikwa kwenye fomu, juu ya alama ya dole gumba lake: Chanzo Namba Moja. "Dada yangu, unanitafutia kifungo? Haijaruhusiwa kwa binadamu. Ikimdhuru je?"

"Anakufa, Profesa."

"Miaka minane, tisa hivi, itakuwa madukani. Mwambie subira huvuta heri."

"Anavuta pumzi, Profesa. Na hiyo kwa shida."

Profesa alitazama saa. "Iliyobaki imwagwe. Fundi asimamie, atie sahihi."

Mchana fundi wa maabara aliwaua panya wote, akawapasua na kupima maini. Aliinua moja kwa koleo.

"Tazama, dada. Safi kama la mtoto mchanga!"

Kisha akaosha mikono, akasimama nyuma ya msafishaji amsimamie akimwaga dawa. Chupa zilikuwa tano. Alizimimina kwenye sinki moja moja. Dawa ilikuwa nyeupe kama maji ya mchele. Chupa ya mwisho aliishika ikiwa imeinama, mpaka fundi alipokohoa. Tone likaanguka. Fundi akaandika: *Imeteketezwa.*

Msafishaji alibeba mfuko wa mizoga kuelekea tanuri. Ulikuwa bado na joto, ukimgonga pajani. Bomba la sinki lilitokea nyuma ya jengo, juu ya mtaro wenye pamba chafu na glavu. Maji meupe yalikuwa yametuama hapo. Panya wa mtaroni, wanene, manyoya yamelowa, walikuwa wamejipanga ukingoni wakilamba. Mmoja aliinua kichwa, akamtazama, akaendelea kunywa.

Dirisha lilifunguliwa juu yake.

"Eh, dada!" fundi aliita, akicheka. "Wagonjwa wa nje wamefika!"